Wauza makopo ya virutubisho wazuiwe kuingia kwenye vikao vya wazee wetu?

Mwana wa Igoma
Wadau wa Mwanza, naomba hili tulijadili kwa uzito. Jumamosi mama yangu, ana miaka 71, amerudi kutoka kikao cha kikundi chao cha kufa na kuzikana akiwa na makopo manne. La viungo, la macho, la kusafisha damu, na la nne hata yeye hajui la nini. Jumla 340,000, hela ya mpunga wote aliouza msimu huu.

Mgeni alikaribishwa kikaoni akapewa nusu saa. Akatoa kimashine chenye waya, mwisho wake kipande cha chuma kama mpini wa kisu. Mzee anakishika dakika moja, kompyuta inaandika: ini limechoka, figo zimelegea, mifupa inaisha. Walipimwa wazee kumi na wanane, hakuna hata mmoja aliyeambiwa ni mzima. Na dawa ya kila mmoja ilikuwa kwenye begi la mpimaji huyo huyo.

Swali langu: viongozi wa vikundi, makanisa na misikiti wawafungie mlango hawa watu, au tuseme mzee ni mtu mzima, hela ni yake, achague mwenyewe? Mimi nasema wafungiwe.

Dada Lishe Nyakato
Nauza virutubisho mwaka wa sita sasa, na hilo neno "wauza makopo" limeniuma. Kwa kazi hii nimesomesha watoto wawili, sijaiba cha mtu. Mzee akimaliza pensheni yake kilabuni mnakaa kimya, akinunua afya mnaitisha mjadala. Na msidhani tunaongea hewani. Marekani kuna utafiti mkubwa, watu zaidi ya 21,000, wazee waliopewa kidonge cha vitamini mchanganyiko kila siku kumbukumbu zao zilikuwa nzuri kuliko wasiopewa. Wazee wenu wakisahau hata majina ya wajukuu mtanikumbuka.

Kaka wa Pasiansi
Babu yangu wa Magu alivuka miaka 90 akilima mwenyewe. Kopo hakulijua. Alikula michembe, mlenda, nsansa na dagaa wa ziwa letu basi. Dagaa unamla mzima na mifupa yake, kalsiamu yote iko pale, protini iko pale, kwa hela ya kisado kimoja. Halafu hizo vitamini nilishasikia ziliua watu huko Marekani mpaka utafiti ukasimamishwa. TFDA, wale wakaguzi wa chakula na dawa, wako wapi jamani?

Mha wa Ujiji
Samahani, dagaa gani wenye afya? Hawa wa Mwanza wanaoanikwa mchangani? Mimi nimeoa Nyegezi, nimewala miaka minane. Unaosha maji saba na bado jino linakanyaga mchanga. Dagaa ni wa Kigoma. Mkitaka mzee aishi miaka mingi mleteeni dagaa wa Kigoma.

Mvuvi wa Ukara
Wee Mha, umekula vya watu miaka minane halafu unavitukana? Dagaa anayeanikwa kwenye chanja hana punje ya mchanga. Njoo Mwaloni Kirumba asubuhi uchague mwenyewe, usimtume shemeji yako anayenunua wa kuku. Sisi tunalala majini usiku wa giza, taa zinawaka, baridi inaingia kwenye mifupa, ili wewe ule. Mwezi ukiwa mpevu hatuvui, nyumba nzima inangoja. Usiongee kirahisi hivyo.

Mha wa Ujiji
Sikutukana kazi yako, mvuvi. Nimesema mchanga. Na ukweli mwingine, hao wenu si hata ndugu wa sadini. Wa Tanganyika ndio jamii ya sadini hasa, ndio maana walichukuliwa wakapandwa kwenye maziwa ya Kariba na Kivu. Wenu ni jamii ya kina kambare sijui.

Mvuvi wa Ukara
Kambare ana sharubu! Umeshawahi kumwona dagaa na sharubu?

Mwalimu Baiolojia
Wote mmepatia nusu. Dagaa wa Kigoma kweli ni jamii ya sadini, na kweli walipelekwa Kivu na Kariba. Dagaa wa Victoria si wa jamii ya kambare, yuko upande wa ningu na samaki aitwaye kapu. Kwa mzee anayekula mlo mmoja wa ugali na chai tofauti hiyo haina maana. Wote wawili wana protini nyingi na wote wanaliwa na mifupa.

Kaka wa Pasiansi
Mwalimu asante, lakini ladha hujaigusa. Dagaa wetu ukimkaanga na nyanya na pilipili, huyo wa Kigoma akajifiche.

Nesi Mstaafu
Naomba nirudishe watu kwa wazee kidogo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34.

Kaka wa Pasiansi, TFDA haipo tangu 2019. Dawa na vifaa tiba viko TMDA, mamlaka ya dawa, chakula kikahamia TBS, shirika la viwango. Na utafiti unaousema haukuwa wa vitamini zote. Kulikuwa na mmoja Ufini, matokeo yakatoka 1994, wanaume wavuta sigara kama 29,000. Waliopewa vidonge vya beta karotini, ile inayogeuka vitamini A mwilini, walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, kwa asilimia 18 hivi. Marekani kulikuwa na mwingine wa namna hiyo hiyo, ndio huo uliosimamishwa. Somo lake ni kwamba kitu kilichomo kwenye karoti hakigeuki salama kwa sababu tu kimetoka kwenye karoti.

Mwanangu Dada Lishe, na wewe utafiti wako upo, sikukatalii. Lakini kumbukumbu zilipimwa kwa sehemu tu ya wale 21,000. Katika kundi moja walikuwa kama 2,200, na nafuu ilikuwa ndogo. Na kile kilikuwa kidonge cha kawaida cha vitamini mchanganyiko, si kopo la kusafisha damu. Damu inasafishwa na figo na ini.

Kuna mwingine wa watu 25,871, walipewa vitamini D na mafuta ya samaki miaka mitano na zaidi. Saratani haikupungua, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa ujumla wake havikupungua, na baadaye ikaonekana hata mifupa haikuvunjika kidogo kuliko kwa wengine. Ila wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu. Mzee mwenye upungufu uliopimwa maabara ni habari nyingine, huyo anapewa.

Dada Lishe Nyakato
Mama nesi shikamoo, nakuheshimu. Lakini bidhaa zangu zinatoka Marekani, imeandikwa kwenye kopo. Wale si watu wa kuachia uongo uuzwe.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Huko huko Marekani wana sheria ya mwaka 1994, kirutubisho kinaingia sokoni bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwamba kinafanya kazi. Kwa dawa ya hospitali hawaruhusu hivyo.

Mjane wa Buhongwa
Nimesoma kimya tangu asubuhi, nikasita kuandika. Mume wangu alikuwa na presha, anameza vidonge vyake vizuri. Mtu akaja nyumbani na kimashine hicho hicho cha chuma. Akamwambia aache vidonge wiki tatu mwili usafishike, kopo lifanye kazi. Siku ya kumi na sita nilimkuta chini mlangoni pa choo, ndoo imemwagika, mdomo umekwenda upande. Aliishi miezi saba, hakusema tena neno nikalielewa. Kopo lilibaki nusu. Bado liko kabatini, nashindwa kulitupa na nashindwa kulitazama.

Dada Lishe sikujui wala sikushutumu. Lakini nijibu, uliwahi kumwambia mtu aache vidonge vya hospitali?

Dada Lishe Nyakato
Pole sana mama yangu. Hapana. Sijawahi, na kwenye timu yangu anayesema hivyo namtoa. Lakini semina tulizofundishwa mwanzo lilikuwepo hilo la "pumzisha dawa". Nililisikia kwa masikio yangu.

Mvuvi wa Ukara
Pole mayu. Mungu akutie nguvu.

Kijana wa Dar
Poleni. Ila mwanzisha mada nina neno na wewe. Makopo anayomeza mama yangu huko Mabatini namtumia mimi kwa basi kila baada ya miezi miwili. Simwibii, nampenda. Mnavyoongea hapa ni kama anayenunua hivi vitu ni mjinga au mwizi. Niko mbali, nifanyeje?

Mama Wawili Mabatini
Wewe kijana kama mama yako ndiye ninayemdhania, nakaa nyumba ya tatu chini yake. Makopo yako kayapanga dirishani, mengine hayajafunguliwa. Mwenyewe anapanda njia ya mawe na ndoo ya lita kumi kichwani kwa sababu bomba la juu halitoi. Anakanyaga jiwe, anashika ukuta, anapumzika pale kwa fundi cherehani, anaendelea. Mguu mmoja ameanza kuuburuta. Hela ya kopo moja ingemlipa kijana wa maji mwezi mzima.

Kijana wa Dar
Usinisemee nyumba yangu hadharani.

Mama Wawili Mabatini
Nimekutajia bomba, sijakutajia jina.

Mwalimu Baiolojia
Kupanda njia hiyo kwenyewe si kubaya, misuli ya mzee inadumu kwa kutumika. Kubaya ni ndoo kichwani na mguu unaoburuzika. Mtu ampeleke akapimwe.

Nesi Mstaafu
Na huo mguu usisubiri. Ana sukari? Anatumia metformini?

Kijana wa Dar
Ana sukari, ndiyo. Vidonge vyeupe vikubwa, asubuhi na jioni. Mwaka wa tisa.

Nesi Mstaafu
Basi sikiliza vizuri. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza mwili kufyonza vitamini B12, na uzee wenyewe unapunguza pia. B12 ikiisha miguu inakufa ganzi, mtu anayumba, anasahau. Hapo hata ale ndoo ya dagaa, awe wa Kigoma au wa Mwanza, inaweza isitoshe. Asiache metformini. Aende hospitali apimwe damu na miguu, aseme ametumia miaka mingapi. Inaweza kuwa sukari yenyewe imeharibu mishipa ya fahamu, inaweza kuwa B12, na kuburuza mguu mmoja kunaweza kuwa kiharusi kidogo. Ana zaidi ya miaka 60, aulize dirisha la wazee. Na abebe makopo yote unayomtumia, daktari ayaone.

Kaka wa Pasiansi
Kumbe kuna vitamini inayohitajika kweli. Mimi nilikuwa nasema zote zinaishia kwenye mkojo tu.

Dada Lishe Nyakato
Nilichosema tangu mwanzo.

Nesi Mstaafu
Hukusema hicho, mwanangu. Wewe ulisema kopo. Mimi nimesema kupima damu.

Mwana wa Igoma
Nimerudi. Jana nimekaa na mama, nikamsomea alichoandika yule mjane wa Buhongwa. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia yule mgeni alimuuliza goti linauma usiku au mchana, linauma akipanda au akishuka, akamsikiliza mpaka mwisho. "Wewe mwanangu unapita hapa kila Jumapili, goti hujaliuliza." Sikuwa na jibu. Nimeliuliza. Linauma akishuka.

Makopo mawili hayajafunguliwa, mwenyekiti wao ameahidi kumpigia yule mtu arudishe hela. Mwenyekiti mwenyewe ana matatu.

Kijana wa Dar
Mama Wawili, nakuja Alhamisi. Yule kijana wa maji naomba umwambie aanze kesho, nitamlipa nikifika. Samahani kwa nilivyojibu.

Mama Wawili Mabatini
Ameshaanza leo. Nimetoa yangu, utanirudishia.

Mha wa Ujiji
Mvuvi, nimepata mzigo wa Kigoma safi, hauna hata punje. Nikuletee kilo mbili uonje?

Mvuvi wa Ukara
Leta. Na mimi nitakuwekea wa chanja. Tukutane Mwaloni Jumamosi, tuwapikie kina mama wa kikundi cha Igoma, wao ndio waseme.