Mtoto wa PP1 (chekechea) anang'ata wenzake, hii kitu huisha ama ndio inaanza?

MamaK_Manyatta
Habarini wadau, niko Kisumu upande wa Manyatta. Kijana wangu ako na miaka minne na miezi kidogo, ameingia PP1 na tangu hiyo siku sijapumzika. Simu ya ticha ikiingia tu moyo unaruka, ameng'ata mtu, amemwaga uji wa wenzake, amerushia mtu kiatu. Nyumbani ukimwambia zima tivi anajitupa chini analia mpaka jirani anakuja kuuliza kwani kuna nini. Sasa wiki iliyopita ticha ananiambia mbele ya wazazi wengine eti hawa ndio hukuwaga majambazi, nimerudi nyumbani nikilia juu ya boda. Mama mkwe naye anasema amefuata mjomba wake wa kwetu (mjomba alifungwa, na hakuna mtu alikuwa amesahau). Bwana yangu anafanya kazi Nakuru, akikuja mwisho wa mwezi mtoto anakuwa malaika. Swali ni moja, hii tabia huisha yenyewe ama? Niambieni ukweli.

Mzee_Kaptembwo
Kiboko. Sisi tulilelewa na fimbo ya mpera na hakuna mtu aling'ata mtu.

TichaWaUji
Mzee heshima yako, lakini fimbo shuleni ilipigwa marufuku 2001, na mimi nimefunza hawa wadogo hapa Nakuru miaka kumi na moja, mwenye anachapwa sana kwao ndiye huja kuchapa wengine kwangu.

Mama K, kwanza huyo ticha alikukosea, hayo si maneno ya kuambia mzazi na si mbele ya watu. Pili, kupiga na kung'ata huwa juu kabisa mtoto akiwa na miaka miwili hadi mitatu hivi alafu inashuka. Kuna mtafiti wa Canada anaitwa Richard Tremblay alifuata watoto miaka mingi akaona hivyo, yaani mtu hafundishwi kupiga, anafundishwa kuacha. Na kinachosaidia sana kuacha ni maneno, mtoto akishajua kusema "nipe" ama "hiyo ni yangu" mkono unapumzika. Kwa hivyo wako ni kama amechelewa kidogo kuacha, ndio unafaa kuuliza amechelewa kwa nini. Anaongea vizuri? Na anaongea nini? Nimepokea watoto wamekuja na Kijaluo tu ama Kikikuyu tu, ticha anapiga Kizungu, mtoto hajui hata kuomba kwenda choo, si atang'ata.

Nesi_Lurambi
Naongezea kwa ticha. Si wote huacha, tusidanganyane. Wenye shida ni kubwa kabisa kabla ya shule, karibu nusu bado wako nayo wakiwa shule ya msingi, nusu nyingine hutulia. Lakini jambazi ni mbali sana. Kule New Zealand, mji wa Dunedin, wamefuata watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa 1972 na 1973 mpaka wamekuwa wazee kama sisi, na wenye walikuwa watukutu utotoni tu wakaacha walikuwa wengi kuliko wenye waliendelea nayo ukubwani.

Sasa vile inaendelea ndio watu hawaoni. Chukua hiyo tivi yako. Unasema zima, analia, umechoka, unaiwasha ili upate amani. Yeye amejifunza kelele inalipa, wewe umejifunza kuachilia kunaleta kimya, kesho ataanza na kelele ya juu zaidi juu ile ya jana alishaizoea. Siku moja unamzaba kofi ananyamaza, basi na wewe umejifunza kofi. Hakuna mwenye ni mbaya hapo, ni nyinyi wawili mnafundishana. Alafu anabeba hiyo mambo mpaka darasani, wenzake wanamkwepa, kitu ikipotea ni yeye, anatolewa nje kila saa kwa hivyo kusoma kunabaki nyuma, akifika darasa la nne la tano marafiki wenye wamebaki ni wale wengine pia walifukuzwa. Kila hatua inamsukuma kwa ingine. Ya mjomba siwezi kataa kabisa, kuna hasira mtu huzaliwa nayo, lakini njia yote hiyo si damu.

Daktari akiangalia mtoto wa chini ya miaka mitano hasemi ni ugonjwa juu ya wiki moja mbaya, anataka kusikia ni siku nyingi kuliko zile nzuri kwa miezi sita, na anauliza ni wapi. Wako kwa baba yake anatulia, hiyo ni habari njema, inamaanisha anaweza.

MamaWaPili
Pima masikio!!! Wangu aliitwa kichwa ngumu mwaka mzima kumbe masikio yalikuwa na usaha, hasikii, ukimgusa kwa nyuma anashtuka anapiga. Walivyotibu hakugeuka malaika lakini simu za ticha ziliisha.

MamaK_Manyatta
Wee. Sasa nimekumbuka tivi anaongezanga sauti mpaka mwisho, mimi nilidhani ni ukaidi. Na Nesi umenisoma, mimi hiyo tivi huwasha, baba yake akisema zima amesema, harudii. Masikio nitapeleka kliniki jumatatu. Na nikitaka aangaliwe mambo yote, kuongea na tabia, naenda wapi bila kufika Nairobi?

TichaWaUji
Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo wakuelekeze EARC, hivyo vituo vya kupima watoto viko tangu 1984 na wazazi wengi hawavijui. Beba kitabu chake cha kliniki. Na jioni chagua kitu moja tu, tivi, ukisema imezimwa ikae imezimwa hata alie mpaka jirani aje. Siku za kwanza kelele itaongezeka, usitishike.

Mzee_Kaptembwo
Hiyo ya masikio sikuwa najua. Lakini jirani mwambie mapema.