Kioo cha mbele cha pikipiki ya safari: nikate kiasi gani?

Wakuu, kioo kipya kimekuwa kirefu, ukingo wake unanikata katikati ya macho. Mvua ikinyesha barabara siioni. Nikikate?

— Pikipiki isimame wima, si kwa stendi ya pembeni. Kaa unavyoendesha, helmeti kichwani. Ukingo wa juu uwe usawa wa ncha ya pua, uone barabara kwa juu yake. Punguza sentimita 2 tu, kaendeshe, ndipo uamue tena.

— Kioo chako ni plastiki ya akriliki au ya polikaboneti? Akriliki hupasuka upesi, kwa hiyo ibane vizuri mezani. Ikitetemeka, ufa huanzia ukingoni. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, chora mstari, tumia jigso (msumeno wa umeme) ya meno madogo. Usiikimbize: plastiki huyeyuka na kugandana nyuma ya msumeno. Malizia kwa msasa namba 120, 220, kisha 400 wa maji.

— Polikaboneti usiing'arishe ukingo kwa moto, itatoa mapovu. Petroli nayo iwe mbali, hata kwa kufutia gundi ya tepu. Maji na sabuni yatosha.

— Ni akriliki. Asanteni, naanza na hizo 2.