Wakuu naomba ushauri: nawaonyeshaje watoto wa kidato cha kwanza na cha pili kazi za kilimo?

Mwalimu wa Ng'ambo: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nafundisha sekondari ya kata upande wa Sengerema, na mwaka huu nimepewa kazi ya kuwashauri watoto wa kidato cha kwanza na cha pili kuhusu kazi za baadaye. Juzi niliuliza darasani nani angependa kazi ya kilimo. Watoto 61, hakuna aliyenyoosha mkono. Nikauliza nani kwao wanalima. Mikono yote juu.

Baada ya wiki tatu tuna safari ya Ukiriguru, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Basi nimeshalilipia. Tangu hapo usingizi hauji vizuri, maana naona tutafika, watazungushwa kwenye pamba, watakula wali, watarudi kama walivyokwenda. Niwaonyeshe nini? Bajeti yenyewe imebana: nauli, chakula, na kivuko cha Kigongo–Busisi kwenda na kurudi. Nisaidieni.

Ngwe ya Adhabu: Pole mwalimu. Mimi nilisoma Kwimba. Ukichelewa namba, unapewa ngwe ya kulima. Ukiongea Kisukuma, ngwe. Ukifeli hesabu, ngwe mbili. Miaka minne jembe kwangu lilikuwa kiboko chenye mpini. Leo nina eka tano za mpunga na zinanilipa, lakini nilifika huko nikiwa na miaka 34. Kabla ya basi, angalieni kwanza hapo shuleni jembe linashikwa kwa sababu gani.

Mama Dagaa Kirumba: Wapitishe Mwaloni, soko letu la samaki, wanangu hao. Mimi nimesomesha watoto watatu kwa dagaa. Zamani nilianika mchangani kama wote, mnunuzi akishika kiganja kimoja, anatafuna, anasikia kokoto, anashusha bei. Nilipoanza kuanika kwenye vichanja, dagaa wale wale wa ziwa lile lile wakanunuliwa na watu waliokuwa wananipita. Hakuna aliyenifundisha shuleni kwamba kukausha na kupanga daraja la mzigo ni kazi ya mtu kusomea.

Mzalendo wa Igoma: Vijana wa leo wanataka simu tu. Wazazi ndio tumeharibu, mtoto anarudi likizo hashiki hata fagio.

Bwana Shamba Mstaafu: Mwalimu, ukifika Ukiriguru usiwaanzishie shambani. Pale kuna mambo mawili: kituo cha utafiti, TARI, na chuo cha kilimo, MATI. Pamba iliyoandikwa UK kwenye jina la mbegu, kama UKM08, hiyo UK ni Ukiriguru. Mtoto wa Sengerema ambaye baba yake amepanda mbegu hiyo anapaswa kujua kuna mtu alikaa miaka akichagua mmea mmoja akaacha mwingine, na mtu huyo analipwa mshahara. Waonane na fundi wa maabara, mtu wa udongo, mtu wa wadudu. Waulize: ulisoma nini ukiwa na umri wangu?

Watoto wanakwenda wangapi, na umewachaguaje?

Mwalimu wa Ng'ambo: Asante sana mzee wangu, hilo la mahojiano nimeliandika. Wanakwenda 28. Basi ni la watu 30, pamoja na mimi na matroni.

Bwana Shamba Mstaafu: Nimeuliza umewachaguaje.

Mwalimu wa Ng'ambo: Nilichukua 28 wa mwisho kwenye mtihani wa nusu muhula.

Msinielewe vibaya. Wale wa juu tayari wana ndoto zao, udaktari, urubani. Hawa wa chini nyumbani wanaambiwa hawatafika popote. Nilitaka waone kwamba hata wao wana mlango. Barua kwa wazazi zimeshatoka.

Dada wa Pansiansi: Kumbe! Kwa hiyo mtoto akiliona jina lake kwenye orodha anajua ameitwa kwa sababu amefeli. Na yule aliyebaki darasani anajua kilimo ni cha waliofeli. Umewafundisha wote 61 kabla basi halijawashwa.

Mwalimu wa Ng'ambo: Dada, nia yangu ilikuwa njema. Na mkondo wa amali, ule wa masomo ya ufundi, si upo kwa ajili ya watoto kama hawa?

Dada wa Pansiansi: Amali si jalala, mwalimu.

Kizimba Nyegezi: Naomba niseme kama mwajiri. Nafuga sato ziwani. Kizimba kimoja kina samaki 2,000. Tunavua 50, tunawapima pamoja kwenye ndoo, tunagawa. Wastani ukiwa gramu 100, kizimba kina kilo 200 za samaki. Tukiwalisha asilimia 3 ya uzito, ni kilo 6 kwa siku. Kijana wangu wa kwanza alikosea nukta akamwaga kilo 60, mifuko mitatu mizima. Chakula kilielea mpaka jioni kama maganda ya karanga, kisha kikaanza kuzama na kuoza. Alikuwa mchapakazi kweli, ila asilimia zilimshinda, na hakuna aliyewahi kumwambia zingehitajika majini. Hao 28 walete, nitawapokea. Ila usiwaambie huku ni kwa wasiojua hesabu. Na jirani yangu hapa ni FETA, chuo cha uvuvi, wapitishe wakaulize masomo yanayotakiwa.

Mzee wa Busisi: Wakuu, mimi nanusa chai. Mwalimu wa Sengerema anayepanga bajeti ya kivuko? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, basi linapita moja kwa moja. Mimi nakaa hapa hapa Busisi. Huyu hajawahi kuvuka, anatunga.

Ngwe ya Adhabu: Duh. Na mimi nimeshamwaga historia yangu yote hapa.

Mzalendo wa Igoma: Nilijua tu. Anakusanya maoni akaandikie mradi apewe hela.

Mwalimu wa Ng'ambo: Mzee wangu wa Busisi, shikamoo. Daraja ninalipita kila mwisho wa mwezi. Bajeti niliinakili kutoka faili la safari ya 2023, nikabadilisha tarehe na idadi ya watoto tu. Nimeirudia sasa hivi: ile pesa ya kivuko ipo na haina kazi. Inatosha mafuta ya kufika Nyegezi.

Na niseme ukweli, hata kuchagua wa mwisho nilikuta kwenye faili hilo hilo. Sikujiuliza.

Mzee wa Busisi: Marahaba. Basi nimekukosea, mwalimu. Mkipita hapa nipigieni honi.

Bwana Shamba Mstaafu: Hao 28 usiwaondoe, utawaumiza mara ya pili. Ila wote 61 wafanye kazi moja kabla ya safari. Chukua mbegu 100 za mahindi, zipange kwenye gunia lenye unyevu, likunjeni, mlilowanishe kila siku. Siku ya saba wahesabu zilizoota. Usiwaambie majibu. Watakaokuja na maswali mazito, watafutie nafasi.

*(siku nane baadaye)*

Mwalimu wa Ng'ambo: Wakuu nimerudi. Tumefanya. Mbegu alileta binti mmoja, mama yake alizinunua dukani. Gunia lilipokunjuliwa darasa zima lilisimama juu ya madawati. Zimeota 82. Wengine wakashangilia, lakini yule binti akabaki anazigeuza zile 18 kwa kalamu, moja moja. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, na hizi mama alizilipia. Nani alitakiwa kuzijua kabla hajanunua?"

Sikuwa na jibu.

Bwana Shamba Mstaafu: Mwambie wapo watu wa kazi hiyo, wakaguzi wa ubora wa mbegu, wako TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu. Swali lake ndilo wanaloliamkia kila asubuhi. Yumo kwenye basi?

Mwalimu wa Ng'ambo: Hayumo. Alikuwa wa nne darasani.

Nimeongea na matroni, amekubali tumpakate mmoja mdogo mdogo kwenye kiti chetu cha mbele tukishindwa kupata basi kubwa zaidi, lakini dereva amekataa katakata, na ana haki. Kwa hiyo matroni atabaki, mama mmoja mzazi atakutana nasi Ukiriguru kwa usafiri wake. Kiti kimepatikana. Jioni hii nakwenda kwao na barua.