Naomba ushauri: mazoezi gani yanamfaa mama wa miaka 72 mwenye presha, kisukari na maumivu ya goti?

BintiKibokoni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naandika kwa niaba ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 72, ambaye tunaishi naye ghorofani huku Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Ana presha na kisukari cha aina ya pili, na goti lake la kulia humuuma, hasa anaposhuka ngazi. Hivi karibuni alijikwaa kwenye kizingiti cha choo akaanguka. Alhamdulillahi hakuvunjika, lakini tangu hapo hofu imemwingia, hashuki chini ila kwa lazima, na swala anaiswali kitini.

Daktari aliyemwona alisema tu kwamba afanye mazoezi, bila kueleza ni yapi wala kwa kiasi gani. Shangazi anashauri atembee kila siku hadi Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, na kurudi, kaka yangu anataka tumpeleke jimu, na mama mwenyewe anasema kazi za nyumbani zinamtosha, kwani bado hupika na kukuna nazi. Naogopa kumshurutisha akaanguka tena, na naogopa vilevile kumwacha akae tu, maana naona jinsi mapaja yake yanavyopungua. Tuanzie wapi? Mjue pia kwamba hatakubali kufanya mazoezi mbele ya wanaume.

MzeeWaMakadara

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Mimi nina miaka 68 na ni mtu wa kutembea, kwa hiyo shangazi yako namuunga mkono, ila si kwa safari ndefu hivyo tangu mwanzo. Mchukueni kwa tuktuk hadi Mama Ngina, atembee kwa dakika 10 pale palipo tambarare, apumzike, kisha mrudi. Vichochoro vya Kibokoni vina mawe yasiyo sawa, na pikipiki hutokea ghafla.

Wakati mzuri ni baada ya alfajiri au jua likishapoa baada ya alasiri. Kuanzia Januari hadi Machi joto letu ni kali na hewa ni nzito, na mtu mzima huchelewa kuhisi kiu, basi anywe maji kabla ya kutoka. Ikiwa mojawapo ya dawa zake za presha ni ile inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara, jambo hili lina uzito zaidi. Ufuoni msimpeleke kwa sasa, kwani mchanga laini unazama na ule wa karibu na maji una mteremko, na vyote viwili vitalichosha goti.

MuuguziMstaafu

Naheshimu maneno ya mzee hapo juu, na kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa sukari, lakini kutembea peke yake hakumkingi mtu na kuanguka. Mzee anayeanguka mara nyingi amepungukiwa na nguvu za mapaja na uwezo wa kujishikilia mwili unapoyumba, na mambo hayo mawili yana mazoezi yake. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, pamoja na kutaja dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili siku 3 au zaidi kila wiki. Upo pia mpango wa Otago kutoka Nyuzilandi, ambao wazee huufanyia nyumbani kwao, na katika majaribio yake maanguko yalipungua kwa takriban asilimia 35. Kwa hiyo jimu si lazima, na stara ya mama haivunjiki.

Chukua kiti imara, mgongo wake uegemee ukuta. Mama akae mbele kidogo, avute nyayo nyuma ya magoti, ainame mbele, ainuke, kisha ashuke polepole bila kujitupa. Kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Akishindwa, ongeza mto ili kiti kiwe juu zaidi, au ajisukume kwa mikono. Mara 5 zinatosha kuanzia. Halafu ashike sinki la jikoni, ainue visigino na kuvishusha, kisha asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, nawe ukiwa ubavuni pake. Akizoea, apunguze kushika hadi kubaki kidole kimoja.

Kuhusu kukuna nazi, kazi ile ni ya mikono na mabega, na mbuzi iko chini mno kwa goti linalouma. Asiifanye kuwa zoezi la kuinukia.

Maumivu madogo ya goti yanayotulia kufikia kesho yake hayana neno, ila likivimba, punguzeni. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Msitegemee mapigo ya moyo, kwani baadhi ya dawa za presha, kama atenololi, huyazuia yasipande. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumkatika, aache papo hapo na mwende hospitali.

UmmuSwaleh

Dada, kwetu tuliwakusanya bibi wawili wa jirani, tukafunga mlango, wakawa wanafanya pamoja baada ya alasiri. Upweke ndio uliokuwa ukimvunja moyo mama yangu, wala si maumivu. Kizingiti cha choo nacho kipakeni rangi nyeupe, taa ya usiku iwekwe, na mkaze chuma cha kushika ukutani.

BintiKibokoni

Allah awalipe kheri nyote. Nimemwonyesha zoezi la kiti naye amekubali, ila kwa mito miwili. Swali langu la mwisho: anatumia glibenklamidi, dawa yake ya kisukari, na Ramadhani haiko mbali. Tufanyeje?

MuuguziMstaafu

Dawa hiyo huweza kuishusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo nendeni kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, aamue kama mama anafaa kufunga na dawa zipangwe vipi. Siku za kawaida mpimeni kabla ya mazoezi. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kitu kwanza, na glukosi isikae mbali. Akiruhusiwa kufunga, asifanye mazoezi mazito katika saa za mwisho kabla ya magharibi, na zoezi la kiti lihamie baada ya futari. Tarawehe pia ihesabiwe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku, hasa akianza tena kusimama na kurukuu. Akihisi jasho la baridi au kutetemeka wakati wowote, apimwe hapo hapo, na sukari ikiwa imeshuka afungue, hata kama magharibi imebakia dakika chache.