Naombeni ushauri, haya mawe ya Barenziah kwenye gemu la Skyrim nayafanyaje?

Habari zenu wakuu, niko Tanga hapa Ngamiani, nacheza Skyrim ile ya 2011 kwenye laptopu ya mtumba. Sasa kuna misheni ya pembeni ya mawe ya Barenziah, yako 24 yametapakaa nchi nzima na ukishaokota moja tu basi haliuziki wala halitupiki mpaka misheni iishe, linakuganda kama deni la dukani kwa Mangi. Moja liko ndani ya Proudspire Manor kule Solitude, nyumba yenyewe inauzwa dhahabu 25,000, hela hiyo natoa wapi jamani?? Mshkaji wangu wa Makorora anasema vunja tu kitasa usiku uingie, ila walinzi wa mji ule nawaogopa.

Alafu mifupa ya dragoni, mmoja una uzito 15 na uwezo wa kubeba unaanzia 300, nikiokota michache nishaanza kutembea kikongwe. Mapipa ya mjini nasikia ukihifadhi vitu humo yanavimeza, kweli?

Mliomaliza, lile taji la Barenziah la mwisho wa misheni ya mawe lina faida au nipotezee nimalize stori kuu kwanza? Kama kuna modi (nyongeza ya gemu ya kupakua) ya kuonyesha mawe kwenye ramani nielekezeni, ila isiwe nzito, bando la kuungaunga hili.