Kikorea cha mtihani wa TOPIK na Kikorea cha kuishi na watu, vyuo vifundishe kipi?

Mleta mada:
Wadau habari za saa hizi. Leo nataka tubishane kuhusu vituo vya lugha vya vyuo vikuu kule Korea Kusini. Ukienda na skolashipu ya serikali yao unapewa mwaka mmoja wa lugha na ili uanze digrii lazima ufikishe levo ya 3 ya TOPIK, ule mtihani wa kupima Kikorea cha wageni, sasa mwalimu atafanyaje, ni sarufi, msamiati na pasti pepa kutwa kucha. Mi nilifaulu vizuri tu. Wiki ya kwanza ya digrii nikaingia ofisini kwa profesa nikamwita "dangsin", si kamusi inasema ni "wewe"? Ofisi ikanyamaza kama msibani. Kumbe dangsin unamwambia mumeo au mkeo, au jamaa mnayetukanana naye barabarani 😂 Profesa ni "gyosunim" mwanzo mwisho, hilo "wewe" halitajwi kabisa. Mi nasema namna ya kuongea na watu wa utamaduni mwingine iwe na saa zake na maksi zake darasani, sio ile kuvaa hanbok, nguo yao ya asili, mara moja kwa muhula mkapiga picha mkaondoka.

Mchangiaji wa 1:
Napinga mkuu. Muhula wa wiki 10, saa 200 hivi, na hapo kuna watu hata herufi hawazijui, hizo saa za utamaduni unazitoa wapi? Mambo hayo unayaokota mtaani. Mi kumimina kinywaji kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni ukinywa mbele ya mkubwa nimejifunzia mezani na wenzangu wa maabara, hakuna mtihani wala nini. Halafu sie tuna shikamoo bana, heshima itatushindaje?

Mleta mada:
Shikamoo ndo inayotudanganya sasa. Kwetu ukishaamkia ukaitikiwa marahaba basi, "umekula?" ya bibi na ya mdogo wako ni ileile. Kule rafiki unamuuliza "bap meogeosseo?", mkubwa "siksa hasyeosseoyo?", yaani neno limebadilika na mkia wake umebadilika, kila ukifungua mdomo uwe ushajua huyu ni nani kwako. Ndo maana mtu hamjazoeana hata dakika tano anakuuliza una miaka mingapi, wetu wananuna wanaona umbea, kumbe mwenzio anatafuta aongee na wewe vipi. Hilo mtu alielezwe kabla hajanuna.

Mchangiaji wa 2:
Naunga mkono ila kaka zangu mnaongea kama vile wa kufundishwa ni mgeni tu. Darasani kwetu mwalimu alifika kwenye "wewe" ya kirafiki, inaandikwa nega ila watu wanatamka niga. Tulikuwa na dada Mmarekani mweusi, mwalimu anaitisha darasa zima lirudie kwa sauti, niga, niga, na kwa Kiingereza hiyo inasikika kama lile tusi la kuwabagua watu weusi, yule dada akafunga daftari akatoka. Mwalimu wa watu kaduwaa, hajui kakosea wapi, na kwenye lugha yake kweli hajakosea kitu. Sentensi moja tu ya kututahadharisha kabla ingemaliza kazi. Kwa hiyo walimu nao waingie darasani. Na hiyo TOPIK ya kuongea iliyoanza 2022 ni mtihani wa pembeni na unaongea na kompyuta, kompyuta haina umri wala cheo, utaipima heshima wapi?

Mchangiaji wa 1:
La kompyuta nakupa dada. Ila nunchi, ile kusoma hali ya watu kabla hujatia neno, nani ataisahihisha? Mwalimu atatoa maksi kwa hisia zake.

Mleta mada:
Sio hisia mkuu. Kuna mwalimu alitupa zoezi, kila mtu aandike meseji ya KakaoTalk (ndo WhatsApp yao) kumwomba profesa aongeze siku za kukabidhi kazi. Nusu ya darasa sarufi imenyooka kabisa lakini wameanza tu "naomba siku tatu", salamu hakuna, jina hakuna, darasa gani hakuna, na mmoja kaituma saa saba usiku na kikatuni cha dubu analia 🐻 Akazisoma zote kwa sauti bila kutaja wenyewe, tukacheka mpaka basi, kisha kila mtu akaandika upya. Dakika arobaini hazikufika. Sasa kwenye saa 200 unaniambia hizo hazipatikani?