Mjadala: Mwenye duka aliyepokea rubli Kherson, ni msaliti?

Mwanzisha mada: Jeshi la Urusi liliingia Kherson, mji wa kusini mwa Ukraine, mwanzoni mwa Machi 2022, Ukraine ikaukomboa mji Novemba 11. Katikati hapo, Kirill Stremousov, mmoja wa viongozi waliowekwa na Warusi, alitangaza kwamba kuanzia Mei 1 rubli, sarafu ya Urusi, ingeanza kutumika mkoani. Kifungu 111-1 cha Sheria ya Jinai ya Ukraine kinaadhibu shughuli za kiuchumi zinazofanywa kwa kushirikiana na dola vamizi: faini hadi hryvnia (sarafu ya Ukraine) 170,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, na mali inaweza kutaifishwa. Muuza mkate aliyepokea rubli tumweke wapi?

Mkusanya Noti: Mimi nasema ana hatia, ingawa ndogo. Sarafu ya mvamizi haiingii sokoni bila mikono ya kuipokea. Tazameni 1942. Wajerumani, walioikalia Ukraine katika Vita vya Pili vya Dunia, walianzisha benki ya noti mjini Rivne, wakatoa sarafu iitwayo karbovanets yenye maandishi ya Kijerumani na Kiukreni, wakapanga wenyewe kwamba karbovanets 10 ni Reichsmark 1 ya Ujerumani. Julai wakaamuru noti za Kisovieti za rubli 5 na kuendelea zibadilishwe, za rubli 1 na 3 zikabaki mtaani. Kwa bei hiyo waliyojipangia, mazao na jasho la Waukreni vilichukuliwa kwa karatasi. Jeshi Jekundu la Kisovieti liliporudi, karatasi hizo hazikuwa na thamani tena, na hasara ikamwangukia aliyezishika mwisho.

Mama Hesabu: Ndugu yangu, mfano wako unakupinga. Aliyeumia ni yule yule mwananchi, naye hakuulizwa. Tuangalie Kherson pesa ilivyokwenda. Mashine za ATM ziliisha noti kwa sababu magari ya kuleta fedha kutoka Kyiv hayakupita tena. Ikabaki njia moja: unamtumia mtu hryvnia kwenye kadi yake kwa simu, anakupa taslimu, anakata chake. Njia hiyo nayo ikavunjika. Intaneti ya mji ilielekezwa kupitia Crimea, rasi inayoshikiliwa na Urusi, minara ya simu ya Kiukreni ikazimwa, na bila mnara ujumbe wa namba ya siri kutoka benki haufiki. Muamala unakwama hapo, pesa iko kwenye akaunti na mtoto hana maziwa. Isitoshe, simu zilikuwa zikipekuliwa kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo hata kubaki na programu ya benki ya Kiukreni kulikuwa hatari. Kikongwe aliyepewa pensheni ya rubli 10,000 akija dukani, mnataka muuzaji amfukuze?

Wakili: Dada amegusa penyewe. Kanuni za Hague za 1907 kuhusu vita, kifungu cha 43, zinamtaka anayekalia eneo aheshimu sheria zilizokuwepo isipokuwa pale inaposhindikana kabisa. Anayevunja kanuni kwa kulazimisha rubli ni mkaliaji, si mteja wala muuzaji. Ubaya wa 111-1 ni upana wake. Hata Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa imelalamikia jinsi sheria ya ushirikiano na adui ilivyoandikwa. Neno "kushirikiana" linaweza kumnasa mwenye kibanda sawasawa na mkandarasi wa jeshi.

Mkusanya Noti: Wakili, ukiacha mlango wazi hivyo, mkandarasi naye atasema alikuwa analisha mtaa.

Wakili: Basi tupime vitendo. Kupokea rubli mkononi kwa mkate ni kuishi. Kwenda kuandikisha biashara upya kwa sheria za Urusi, kulipa kodi huko na kuuzia kambi ya jeshi unga, hayo yana karatasi zake na yanathibitika. Mwendesha mashtaka aanzie kwenye mikataba na hati za usajili, asianzie kwenye droo ya pesa.

Mama Hesabu: Usajili nao si kipimo safi, Wakili. Yuko aliyeambiwa ajisajili au duka lichukuliwe, na duka lenyewe ndilo pekee la chakula kijijini. Ongeza kipimo cha bidhaa: aliuza nini, na kwa nani? Unga kwa majirani na dizeli kwa vifaru haviwezi kuingia fungu moja, hata kama vyote vina cheti kimoja cha kodi.

Mkusanya Noti: Hapo nakubali nusu. Dawa na chakula viondolewe kwenye kifungu kwa maandishi. Ila wale waliokata asilimia kubwa kwa kila aliyehitaji taslimu, wakatajirikia shida ya jirani, sitawatetea.